Mwalimu Anajibu: Osiris Alikuwa Wapi Kabla ya Piramidi ya Unas?

Katika toleo lililopita nilieleza habari za Unas, mfalme wa mwisho wa Nasaba ya 5 (yaani ukoo wa 5 wa wafalme wa Misri), ambaye kuta za vyumba vya ndani ya piramidi yake huko Saqqara zilichongwa maandishi ya dini mnamo 2350 KK hivi. Gaston Maspero alipoingia mle mwaka 1881 alikuta maandishi marefu ya dini ambayo hadi leo ndiyo ya kale kuliko yote tuliyo nayo kutoka Misri. Tunayaita Maandishi ya Piramidi, na Osiris ametajwa humo tena na tena. Nikadokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba ukirudi nyuma ya Nasaba ya 5 humwoni Osiris popote. Sentensi hiyo imewashtua wengi. Nimefurahi, kwa sababu barua zenu zimeuliza jambo lenyewe: tunajuaje mungu fulani alianza lini, ikiwa waliomwabudu mwanzoni hawakuandika chochote?

Shikamoo Mwalimu. Vitabu nilivyosoma vinasema Osiris alikuwa mfalme wa kwanza wa Misri, akauawa na nduguye Seth, mkewe Isis akamfufua. Iweje mungu mkubwa hivyo asijulikane kwa miaka 700 ya mwanzo ya ufalme? Au mchanga umemficha tu? (Mwanafunzi wa sekondari)

Marahaba, mwanangu. Hilo la mchanga ndilo la kuanza nalo. Kitu kisipoonekana, ama hakikuwepo ama hakijapatikana, na njia ya kupima ni kwenda pale ambapo kingepaswa kuwepo. Osiris ni mungu wa wafu, basi twende makaburini. Makaburi ya watu wakubwa wa Nasaba ya 4 tunayo tele, hasa Giza, na mengi yana dua ya sadaka iliyochongwa kwenye mawe ili marehemu apewe mkate, bia na maziko mema. Dua hizo zinamtaja mfalme na Anubis, mungu mbweha mlinzi wa makaburi. Osiris hayumo. Halafu, ndani ya Nasaba ya 5, jina lake linaanza kuingia katika dua zilezile, na baada ya muda mfupi limeenea kila mahali. Kimya hiki kinatoka mahali penyewe ambapo angeitwa kwa jina, na mchanga hauwezi kubeba lawama yote.

Sasa twende Abydos, mji ambao Wamisri wa baadaye waliuita nyumba ya Osiris. Wafalme wa Nasaba ya 1 walizikwa huko, jangwani, mahali ambapo leo panaitwa Umm el-Qa'ab, yaani mama wa vyungu. Wachimbaji Wajerumani walipata huko chapa za mihuri miwili, mmoja wa enzi za mfalme Den na mwingine wa Qaa, zinazoorodhesha wafalme kuanzia Narmer, anayehesabiwa kuwa mfalme wa kwanza. Pamoja na wafalme hao ametajwa mungu. Ni Khentiamentiu, aliye mbele ya watu wa Magharibi, yaani wafu, naye anaandikwa kwa picha ya mbweha aliyelala. Hekalu la Abydos lilikuwa lake. Karne nyingi baadaye tunamkuta Osiris akiitwa Osiris Khentiamentiu, jina la mwenye nyumba wa zamani limekuwa sifa yake. Kwa hiyo Abydos ilikuwa na bwana wa wafu tangu mwanzo, ila bwana huyo hakuwa Osiris.

Na hapa kuna kisa ninachokipenda sana. Mwaka 1898 Émile Amélineau, Mfaransa, alichimba kaburi moja pale Umm el-Qa'ab akakuta ndani yake kitanda cha jiwe, na juu yake Osiris amelala. Akatangaza kwamba amelipata kaburi la Osiris mwenyewe. Kaburi lile ni la mfalme Djer wa Nasaba ya 1, aliyezikwa mnamo 3000 KK. Kitanda kiliwekwa mle zaidi ya miaka 1000 baadaye, wakati Wamisri wenyewe walikuwa wamekwisha kuamini kwamba hilo ndilo kaburi la mungu, wakawa wanahiji na kuacha vyungu vya sadaka kwa maelfu. Ndivyo mahali palivyopata jina lake. Ona basi: hata Wamisri wa kale walikuwa wanatafuta asili ya mungu wao katika mabaki, nao walirudi nyuma wakiwa na jibu mkononi.

Wapo wanaotaja nguzo ya djed, ambayo baadaye ilikuja kuitwa uti wa mgongo wa Osiris. Ni kweli nguzo hiyo ni ya kale, na mifano ya pembe za ndovu ilipatikana katika kaburi la Nasaba ya 1 huko Helwan. Lakini djed ilihusishwa pia na Ptah na Sokar, miungu ya upande wa Memphis. Ukiiona Helwan ukasema "huyu hapa Osiris", umemvisha babu kanzu ya mjukuu.

Mimi nafikiri Osiris ni mkubwa kidogo kwa umri kuliko maandishi yake ya kwanza. Anapoingia piramidini tayari ana mke, dada, mwana na adui, na visa vyake vinatajwa kwa mkato kana kwamba kila msikilizaji anavijua. Mambo hayo hayatungwi kwa siku moja. Vizazi kadhaa nakubali. Miaka 700 sina kipande hata kimoja cha kuitetea.

Nimeona picha ya kisanamu cha mwanamke ameinua mikono juu, uso kama wa ndege. Chini yake wameandika "mungu mke wa Nile, mama wa Isis". Ni kweli? (Msomaji, mchoraji)

Kisanamu hicho ni cha udongo wa kuchomwa, kina sentimita 29 hivi, na kipo Brooklyn Museum, Marekani. Henri de Morgan alikipata mwaka 1907 katika makaburi ya Ma'mariya, kusini mwa Misri. Kilitengenezwa mnamo 3500 KK hivi, miaka 400 kabla ya mfalme wa kwanza. Kwa jicho la mchoraji nakuelewa kabisa, maana ni kazi ya kupendeza mno: kiuno chembamba, miguu imeunganishwa ikawa kama kigingi, na mikono imepinda juu ya kichwa.

Ila maelezo hayo chini ya picha yametungwa. Tujiulize tuna nini mkononi. Kisanamu kimetoka kaburini, wala si hekaluni. Makaburi mengi sana ya wakati ule hayana kisanamu chochote, na kama huyu angekuwa mungu mkuu wa mto, ningetegemea kumkuta kwa wengi. Visanamu vya wanaume navyo vipo. Mkao uleule wa mikono unaonekana kwenye vyungu vilivyochorwa vya enzi hiyo, ambako wanawake wamesimama juu ya mashua, pengine wanacheza, pengine wanaomboleza. Anaweza kuwa mcheza ngoma wa ibada. Anaweza kuwa mwombolezaji. Mungu? Hatuna kinachotusukuma huko isipokuwa hamu yetu. Peter Ucko alilipinga jambo hili kwa kina mwaka 1968, akionyesha jinsi watafiti walivyokuwa wakimpa kila mwanamke wa udongo cheo cha mungu mama bila kuangalia alipatikana wapi, na nani, na pamoja na vitu gani.

Kuhusu Isis, naye hana jina popote kabla ya Nasaba ya 5. Hapo ni zaidi ya miaka 1000 baada ya kisanamu hicho.

Mwalimu, ng'ombe je? Nasikia Hathor aliabudiwa na wafugaji wa jangwani hata kabla Misri haijawa Misri. (Msomaji wa siku nyingi)

Hapa ushahidi ni mtamu zaidi, na ndiyo maana watu wanateleza kwa urahisi. Tuanze na kilicho imara.

Huko Gerzeh lilipatikana bamba la jiwe, la aina ile waliyosagia wanja, lenye kichwa cha ng'ombe kilichochongwa kwa mistari michache tu. Kwenye ncha za pembe, za masikio na juu ya kichwa kuna nyota. Ng'ombe wa malishoni hana nyota, kwa hiyo aliyechonga alikuwa anawaza ng'ombe wa mbinguni. Bamba hilo ni la karne za mwisho kabla ya ufalme kuungana. Kisha, mnamo 3100 KK, linakuja bamba la Narmer, lile ambalo James Quibell na Frederick Green walilichimbua Hierakonpolis mwaka 1898. Juu kabisa, pande zote mbili, kuna vichwa viwili vya uso wa mtu wenye masikio na pembe za ng'ombe. Mfalme mwenyewe amevaa mkanda wenye vichwa vya namna hiyo vikining'inia. Kutoka Gerzeh hadi Narmer uzi haujakatika: ni picha ileile, nchi ileile, karne zinazofuatana.

Lakini ni nani? Wengi huandika Hathor bila kufikiri. Pembe za vichwa vile zimejikunja kwa ndani, na hiyo ndiyo alama ya Bat, mungu mke wa wilaya ya 7 ya kusini. Maandishi ya Piramidi yanamtaja Bat mwenye nyuso mbili, na maneno hayo yanakaa vizuri sana na bamba lenye nyuso zake mbele na nyuma. Tena kuna sanamu moja ya mfalme Menkaure, mjenzi wa piramidi ya tatu ya Giza, iliyochimbuliwa na George Reisner, ambamo mfalme amesimama katikati ya wanawake wawili. Mmoja ni Hathor na pembe zake na jua. Wa pili ni wilaya ya 7, na kichwani amebeba alama ya Bat. Wote wawili wako katika jiwe moja! Basi katika Nasaba ya 4 walikuwa wawili mbalimbali, hata kama baadaye Hathor alimmeza mwenzake. Ndiyo maana mimi husema Bat ninapofika kwa Narmer, na nakusihi nawe ufanye hivyo.

Wafugaji wa jangwani nao wapo. Nabta Playa, kilomita 100 hivi magharibi ya Abu Simbel, Fred Wendorf na wenzake walikuta ng'ombe amezikwa kwa heshima katika shimo lililojengewa, juu yake likarundikwa kilima cha mawe, na umri wake unavuka 5000 KK. Watu wale walimthamini ng'ombe kuliko nyama yake. Hilo nakubali kwa moyo wote. Lakini kati ya shimo lile na bamba la Gerzeh pana miaka kama 2000 na mamia ya kilomita, na hakuna vituo vya kati vinavyobeba sura ileile kutoka huku hadi kule. Heshima kwa ng'ombe inaweza kuzaliwa popote penye wafugaji. Wilaya ya 7 haikuhitaji kuipokea kutoka Nabta.

Basi ni mungu gani mwenye ushahidi wa kale na wa uhakika kuliko wote? (Barua tatu zimeuliza hili, nazijibu pamoja)

Ningetakiwa kutaja mmoja, ningemtaja Min wa Koptos, na ningesema bila kusita.

Katika msimu wa 1893 hadi 1894 Flinders Petrie alichimba hekalu la Koptos, mji ulio kwenye kona ya Nile ambapo njia ya Wadi Hammamat inaondoka kuelekea Bahari ya Shamu. Chini ya sakafu ya hekalu alikuta vipande vya sanamu tatu za mawe ya chokaa, kubwa ajabu. Zilipokuwa nzima zilifika mita 4 hivi. Mwanamume amesimama wima, mkanda kiunoni, mkono mmoja umeshika uume wake. Min alichorwa na kuchongwa kwa mkao huohuo hadi wakati wa Warumi. Sanamu zile ni za mnamo 3300 KK, kabla ya Narmer au karibu naye sana.

Mbili ziko Ashmolean Museum, Oxford, na nilibahatika kusimama mbele yake. Wageni wengi huangalia mbele wakapita. Nenda ubavuni. Hapo kuna michoro iliyochongwa kama pambo linaloning'inia kutoka kwenye mkanda: makome makubwa ya Bahari ya Shamu, misumeno ya papa upanga, ndovu aliyesimama juu ya vilima vilivyochongoka, na alama fulani iliyofanana na mshale wenye ncha pande zote mbili. Makome na papa upanga havitoki mtoni. Mungu huyu tangu siku zake za kwanza alikuwa bwana wa njia ya jangwani iendayo baharini, na maandishi ya baadaye yanamjua hivyohivyo, mlinzi wa misafara na wachimba mawe wa jangwa la mashariki. Ni mara chache sana kipande cha jiwe kisicho na neno hata moja kikatuambia kazi ya mungu.

Na ile alama ya mshale? Ndiyo inayonifanya niseme bila kusita. Alama hiyo baadaye ndiyo ikawa namna ya kuandika jina la Min katika hieroglifi. Tunaikuta pia kwenye bamba dogo la wanja kutoka kaburi la el-Amrah, ambalo sasa liko British Museum, na kwenye milingoti ya nembo iliyosimikwa juu ya mashua zinazochorwa kwenye vyungu vya kabla ya wafalme. Mahali ni pamoja, umbo ni lilelile na alama ni ileile, kutoka kwenye chungu hadi kwenye maandishi. Na jiwe la Palermo, lile kumbukumbu ya wafalme lililoandikwa katika Nasaba ya 5, linataja kuzaliwa kwa Min miongoni mwa matukio ya Nasaba ya 1. Kuzaliwa huko ni kuchongwa kwa sanamu yake, jambo lililohesabiwa kuwa kubwa kiasi cha kuupa mwaka jina. Anubis naye ametajwa humo kwa namna hiyohiyo.

Jambo jingine dogo ambalo haliniachi: mwili wa sanamu zile una mashimo yaliyokwanguliwa. Waumini walikuwa wanakuna jiwe na kuchukua unga wake kwa baraka. Mtaalamu akikuuliza tunajuaje kwamba hii ilikuwa dini na siyo pambo la mtawala, mwonyeshe mashimo hayo.

Baada ya Min ningewaweka Neith na kipanga wa kifalme. Neith ana ngao na mishale iliyopishana, na malkia wawili wakubwa wa Nasaba ya 1, Neithhotep na Meritneith, wamebeba jina lake. Kipanga anakaa juu ya jina la mfalme tangu mwanzo wa wafalme, na tunamwita Horus kwa sababu cheo hicho hakikubadilika kwa miaka 3000. Ptah naye yupo mapema, amechorwa ndani ya kibanda chake kwenye bakuli la jiwe kutoka Tarkhan, la Nasaba ya 1.

Na Amun? (Swali fupi kutoka kwa msomaji)

Amun anatajwa kwa mara ya kwanza katika Maandishi ya Piramidi, na kwa uchache. Utukufu wake ulikuja baadaye sana, Thebes ilipotoa wafalme.

Hizo tarehe mnazipataje ikiwa hakuna maandishi? Isije ikawa mnakisia. (Fundi, msomaji mpya)

Karibu, ndugu fundi, swali lako ni la mtu wa vipimo. Petrie huyohuyo alichimbua makaburi zaidi ya 2000 huko Naqada, yote bila jina wala mwaka. Akatazama vyungu. Kulikuwa na aina moja yenye vishikio vya mawimbi, na akaona kwamba kadiri aina hiyo inavyobadilika vishikio vinapungua hadi vinabaki mstari tu wa pambo. Akapanga makaburi kwa kufuata mabadiliko hayo, kila kaburi kwenye kadi yake, hadi akapata mfuatano mmoja wa mbele na nyuma. Mfuatano huo haukumpa miaka, ulimpa utaratibu tu. Miaka imekuja na kipimo cha kaboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba Aha, mfalme wa mwanzoni kabisa mwa Nasaba ya 1, alitawazwa kati ya 3111 na 3045 KK. Kwa hiyo nikikuandikia "mnamo 3300 KK", kuna udongo na mkaa nyuma ya nambari hiyo.

Vita vya Horus na Seth ni kumbukumbu ya vita vya kweli? Kaskazini dhidi ya kusini? (Msomaji, mpenzi wa historia ya vita)

Mtaalamu mkubwa wa Kijerumani, Kurt Sethe, alijibu ndiyo mwaka 1930. Alikuwa anayajua Maandishi ya Piramidi kuliko mtu yeyote wa wakati wake, akayasoma kama kumbukumbu za siasa: palipo na Horus aliona ufalme wa kaskazini, palipo na Seth aliona wa kusini, na ushindi wa mungu ulikuwa kwake ushindi wa jeshi. Akajenga historia nzima ya kabla ya Narmer, ambamo kaskazini iliishinda kusini zamani sana. Ni jengo la kupendeza. Hermann Kees alilipinga mapema, na udongo wenyewe umelikataa. Vyungu na mila za Naqada zinatoka kusini kupanda kaskazini, na machimbo ya Buto, mji wa delta, yanaonyesha tabaka kwa tabaka vyombo vya wenyeji vikiachwa na vya kusini vikishika nafasi. Hakuna dalili ya ushindi uliokwenda upande ule mwingine.

Tazama pia jinsi Seth mwenyewe alivyoheshimiwa. Mji wake ulikuwa Ombos, hapohapo Naqada. Wanyama wake wako kwenye milingoti ya nembo katika kichwa cha rungu cha mfalme Nge. Wake za wafalme wa Nasaba ya 1 walikuwa na cheo cha "amwonaye Horus na Seth", yaani mfalme mwenyewe alikuwa wote wawili. Katika Nasaba ya 2 mfalme Peribsen aliweka mnyama wa Seth juu ya jina lake mahali pa kipanga, na muhuri kutoka kaburi lake unasema mungu wa Ombos amempa mwanawe nchi mbili. Maneno hayo ndiyo sentensi kamili ya kale kuliko zote iliyopatikana Misri. Khasekhemwy akaja akawaweka wote wawili, kipanga na mnyama wa Seth, uso kwa uso.

Kwa hiyo uovu wa Seth, kama tunavyousoma katika kisa cha Osiris, hauna budi kusubiri Osiris afike. Peribsen alikuwa na ugomvi gani na nani, mihuri haisemi, nami sitaitungia vita.

Mwalimu, kikundi chetu cha kusoma kinachora chati ya miungu ya Misri kwa mpangilio wa wakati. Tumekwama kwa Satet wa Elephantine. Wengine wanataka tumweke 3200 KK kwa sababu hekalu lake ni la wakati huo, wengine wanakataa. (Katibu wa kikundi)

Hongereni kwa kubishana juu ya jambo lenye maana. Elephantine ni kisiwa kwenye mpaka wa kusini wa Misri ya kale, na hekalu mnalolisema lilianza kama kibanda cha matofali ya udongo kilichobanwa katikati ya miamba ya matale. Wachimbaji Wajerumani walikuta humo mamia ya vitu vya nadhiri: watu, watoto, nyani na wanyama wengine, vingi vya fayensi, ile kauri inayong'aa ya kijani na buluu. Katika Nasaba ya 1 serikali ilijenga ngome kisiwani, na ukuta wake ukaja kubana uwanja wa mbele wa kibanda kile bila kujali. Wafalme hawakushughulika napo. Watu wa kisiwani ndio waliokuja na nadhiri zao, kizazi baada ya kizazi, na majina ya wafalme yanaanza kuonekana vizuri katika Nasaba ya 6, enzi za Pepi I. Miaka mingi baadaye Hatshepsut alimjengea Satet hekalu la mawe mahali hapohapo.

Wanaotaka 3200 KK wana hoja: mahali hapakuhama, na ibada haikukatika. Hoja hiyo ina uzito, nami sipendi mtaalamu anayeipuuza. Lakini katika mamia yale ya nadhiri za mwanzo hakuna hata moja yenye jina la Satet, wala taji lake lenye pembe za paa. Nyani wamejaa, na nyani si mnyama wake. Jina lake tunalikuta kwanza kwenye vyombo vya mawe vilivyokuwa chini ya piramidi ya ngazi ya Djoser huko Saqqara, mfalme wa Nasaba ya 3. Aliyeombwa katikati ya miamba ile mwanzoni anaweza kuwa Satet mwenyewe, anaweza kuwa mungu mwingine aliyempisha kama Khentiamentiu alivyompisha Osiris.

Kwenye chati yenu chora mistari miwili. Mmoja uanze mnamo 3200 KK, muuandike "hekalu la Elephantine", uwe wa nukta nukta hadi Nasaba ya 3. Hapo ndipo muandike "Satet" na kuufanya mstari uliokolea. Fanyeni vivyo hivyo kwa Horus wa kabla ya wafalme, na kwa Hathor. Min mpeni mstari uliokolea tangu mwanzo.